Boksi la Vicheko Linalokwenda Hulugho

Hodhan aabo,

Tangu Alhamisi, mimi baba yako nikikuita aabo, jina tunaloitana baba na mwana, umekuwa ukinijibu kwa maneno mawili tu: "Ndiyo, aabo" na "Sawa, aabo." Nimewahoji machifu wengi waliojibu hivyo. Mtu akikujibu kwa adabu kupita kiasi, ujue kuna jambo ameamua kutokuambia.

Kesho baada ya swala ya alfajiri abti yako, kaka wa hooyo mama yako, atakuja na gari akupeleke Hulugho ukaanze kufundisha. Sasa ni alasiri. Wewe na hooyo mmekwenda sokoni kutafuta neti na mtungi wa maji, nami nimekaa barazani na karatasi. Sitaandika habari ya kuchemsha maji wala ya kufunga mlango. Hooyo amekwisha kuyasema hayo, na atayasema tena kesho kupitia dirisha la gari. Habari ya hatari za mpaka wa Somalia unaijua kuliko wengi, maana umekua ukinisikia nikiisoma redioni. Nakuandikia juu ya boksi.

Siku ile ya Alhamisi ulilileta uani ukaliweka kwenye rundo la mizigo. Lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani, na ubavuni umeandika kwa kalamu nene: VYA KUCHEKA. Nikauliza ni nini. Ukasema ni vitu vya darasa lako: vitabu vya hadithi za kuchekesha, michezo ya kuigiza miwili mitatu uliyoipiga chapa mwenyewe, na flashi yenye filamu. Nikasema Hulugho si mahali pa mizaha. Nikalichukua nikaliweka stoo, nyuma ya gunia la mkaa. Wewe hukuinua sauti. Ulisema, "Aabo, ukame watoto wa Hulugho wanao tayari." Nami nikakuambia ubebe kamusi.

Nimekuwa ripota miaka thelathini, na katika miaka hiyo sijawahi kusahihisha habari niliyoikosea. Nilikuwa nikisema sikuikosea. Sasa nataka kusahihisha moja, na siwezi kufanya hivyo bila kuanzia mbali.

Kabla sijapelekwa shule nilikuwa nikifuata ngamia wa baba yangu, awoowe wako, kati ya Bura na mpaka. Watu wawili wakikutana porini hawakupungiana mkono wakapita. Walichomeka fimbo ardhini, wakachuchumaa, wakapeana habari kwa utaratibu wake: kwanza mvua, halafu malisho, halafu maji, halafu mifugo, halafu watu, mwisho amani. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Na awoowe alikuwa na swali moja aliloliuliza baada ya kila jibu: "Umeiona kwa macho yako au umesikia?" Ukisema umesikia, aliuliza kwa nani. Ukimtaja, aliuliza kama huyo naye aliiona. Alikuwa akiniambia kwamba ngamia hawanywi uvumi. Uandishi wa habari nilijifunza hapo, kwenye vumbi. Chuo cha Nairobi kiliniongezea taipureta tu.

Palikuwa na mtu mmoja aliyewaambia watu kwamba mvua imenyesha upande wa Hulugho. Hakuwa ameiona. Watu wakahama na mifugo siku tatu, wakakuta ardhi imepasuka. Mtu yule hakupigwa, wala hakutozwa hata mbuzi mmoja. Alipewa jina, akaitwa Mwenye Mvua. Kuanzia hapo, kila alipofika kisimani, wazee walijifunika vichwa kwa shuka zao kana kwamba wanalowa. Jua la mchana linawaka, nao wameinama, nyuso kavu, wanakinga mvua isiyokuwepo. Mmoja alikuwa na desturi ya kukamua pindo la shuka lake, taratibu, mpaka Mwenye Mvua amalize kunywesha na kuondoka.

Mimi nilikuwa mtoto, nikaona adhabu. Ilinichukua karibu miaka arobaini kutambua kwamba ule ulikuwa mchezo wa kuigiza, na mzuri kuliko mingi niliyoitazama baadaye kwenye kumbi zenye viti. Yule aliyekamua shuka alikuwa awoowe.

Lakini nilichobeba kutoka kisimani kilikuwa kitu kimoja tu: maneno yasiyo ya kweli huua mifugo, na mifugo ikifa watu hufuata. Kwa hiyo nilipokua, kitabu cha hadithi nilikiona kama habari ambayo mwenyewe amekiri hakuiona. Kitabu cha kuchekesha nilikiona kibaya zaidi, kwa sababu mwandishi anadanganya halafu anataka umshukuru. Hayo ndiyo niliyoingia nayo kwenye kazi, na ndiyo niliyokwenda nayo Bura.

Hukuwa umezaliwa. Nilitumwa kule kuandika habari ya kisima kilichoharibika, nikakuta ni siku ya wazazi katika shule moja ya sekondari. Mwalimu wa Kiswahili, Dekow, alikuwa ameandika mchezo ambao wanafunzi wangeupeleka kwenye tamasha la drama la shule. Walitandika maturubai uani, wazee wakakaa mbele, awoowe akiwa katikati yao kwa sababu alialikwa kama wengine. Mimi nilisimama pembeni na kinasa sauti changu kikiwa kimewashwa, kwa mazoea.

Mchezo wenyewe ulikuwa juu ya wachungaji wawili wanaokutana porini. Wanachomeka fimbo, wanachuchumaa, wanapeana habari kwa utaratibu ule ule tunaoujua sote. Ila kila mmoja anataka mwenzake ahame ili amwachie malisho, kwa hiyo kila mmoja anadanganya, na uongo unazidi kunenepa. Mchungaji mmoja aliigizwa na msichana wa kidato cha tatu aliyebandikwa ndevu za manyoya ya mbuzi. Akasema kule alikotoka mvua imenyesha mpaka samaki wamekwama juu ya migunga, na mbuzi wanasimama kwa miguu miwili kuwala.

Hapo awoowe akainuka.

Alitembea na fimbo yake mpaka katikati ya uwanja, akaichomeka, akachuchumaa mbele ya yule msichana. Watu wakanyamaza. Mwalimu Dekow, aliyekuwa pembeni ameshika karatasi, alifunga macho. Awoowe akauliza, kwa sauti ile ile aliyotumia maisha yake yote:

"Umeiona kwa macho yako au umesikia?"

Ndevu za msichana zilikuwa zimeteleza hadi sikioni. Nilimwona akimtafuta mwalimu wake kwa macho, akamkosa. Akachuchumaa.

"Awoowe, nimeiona kwa macho yangu. Ila moja lilikuwa limefumba."

Awoowe akalifikiria jibu hilo. Alichukua muda nalo kama alivyofanya na jibu la mtu mzima.

"Hilo lililofumba liliona nini?"

"Lilikuona wewe ukihama."

Awoowe akainuka polepole. Akavuta shuka akajifunika kichwa, akaanza kurudi mahali pake akiwa ameinama, na alipofika akasimama, akakamua pindo la shuka, akakaa.

Aabo, nimesikia milipuko. Nimesikia umati ukikimbia, na nimesikia kimya cha watu wanaosubiri kuambiwa majina ya waliokufa. Sijasikia tena sauti kama ile ya uani kule Bura. Haikuanza mahali pamoja. Ilitoka kwa wazee, kwa akina mama waliokuwa nyuma na vibuyu vya maziwa, kwa watoto waliokuwa juu ya ukuta. Mzee mmoja aliyekuja akitegemea fimbo aliiangusha, wala hakuinama kuiokota. Watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya ugomvi wa malisho walishikana mabega ili wasianguke. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi na suruali yangu ya ofisini.

Halafu mtu mmoja wa ukoo mwingine akanigusa bega, akasema, "Leo baba yako amepata mvua."

Alikuwa akifurahi tu. Lakini mimi nilisikia jina. Nikamwona baba yangu akiitwa Mwenye Mvua mpaka kaburini, na mimi mwana wa Mwenye Mvua, na watoto wangu baada yangu. Kicheko kikanikauka. Nikapanda gari nikarudi Garissa, sikumuaga awoowe, wala sikumwuliza kitu.

Habari niliyoiandika ilisema kwamba wanafunzi wa Bura waliwadhihaki wazee mbele ya wazazi wao, na kwamba mzee mmoja aliyedhani maneno ya mchezo ni ya kweli aliinuka kuuliza habari ya mvua, akachekwa na uwanja mzima. Niliandika mpaka habari ya ndevu. Isipokuwa hilo neno "aliyedhani," kila jambo lilikuwa limetokea. Sikuandika kwamba mzee alikamua shuka. Sikuandika kwamba mzee ni baba yangu. Sikuandika kwamba ripota alicheka hadi akakaa chini.

Habari ilisomwa redioni jioni hiyo, na gazetini ikatoka siku mbili baadaye. Wiki haikuisha kabla afisa mmoja wa elimu hajaandika barua, na mchezo haukwenda kwenye tamasha. Muhula uliofuata Mwalimu Dekow aliacha kazi, akafungua duka la dawa za mifugo pale pale Bura. Hajaandika mchezo mwingine. Yule msichana sijui alikwenda wapi. Sikuuliza, na kutouliza huko pia ni sehemu ya masahihisho haya.

Awoowe aliisikia habari kisimani, kwenye redio ya mtu. Alikuja Garissa, akakaa kwenye mkeka huu huu, akanywa chai yake yote kabla hajasema neno.

"Aabo," akaniambia, "uliniona?"

Nikasema nilimwona.

"Uliniuliza?"

Nikachukua birika nimwongezee chai.

"Bura nzima ilijua kwamba naigiza. Nadhani hata mbuzi walijua. Mtu mmoja tu hakujua, na huyo ndiye mwenye redio."

Alisema hivyo bila hasira. Aliniomba kitu kimoja, kwamba nirudi redioni niseme mzee alikuwa akicheza. Nikamwambia hatusahihishi mambo yaliyotokea kweli. Akanitazama kama anavyomtazama ngamia aliyekataa kunyanyuka, akageuza kikombe juu chini, akaenda kulala. Hakulitaja tena maisha yake yote. Na jina nililoliogopa, hakuna aliyewahi kumwita. Kule Bura walimwita Mzee wa Drama, na alilipenda.

Miaka ikapita. Wewe ukazaliwa. Mwaka mmoja wa ukame mkubwa nilitumwa Tarbaj. Nilishinda mchana nikitembea kati ya mizoga, nikiandika. Asubuhi yake mzee mmoja mfugaji alikuwa amenionyesha ng'ombe wake wa mwisho, amelala, bado anapumua, naye ameketi karibu akimkinga jua kwa koti. Alasiri nikaingia hotelini kunywa chai. Palikuwa na televisheni juu ya friji, na filamu ya Kihindi iliyotiwa sauti za Kisomali. Tajiri mmoja mnene alikuwa anajificha kwenye pipa la unga ili mkewe asimwone, na kila alipopiga chafya pipa lilitoa moshi. Aliyetia sauti alikuwa amemfanya tajiri aongee kama wakala wa ngamia wa soko la Garissa, na apunguze bei ya maisha yake kila chafya inapotoka.

Mzee yule wa asubuhi alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa anacheka huku machozi yakishuka kwenye mikunjo ya uso, na koti lile lile alilomkingia ng'ombe lilikuwa mapajani. Nikaketi kando yake, nikatoa daftari, nikamwuliza ni nini kinachomchekesha siku kama ile.

Hakugeuka. Akasema, "Kaa. Ukiniuliza, naikosa."

Nikakaa. Nilitazama filamu yote. Nilipotoka sikuwa na hata neno moja kwenye daftari, na hilo halijawahi kunitokea kabla wala baada. Mzee hakuwa amesahau ng'ombe wake. Filamu ilipokwisha alijifuta uso, akavaa koti, akarudi kwake, na nilimwona kwa mbali akichuchumaa mahali pale pale. Sikuipeleka habari hiyo kwa mhariri. Ningeiandikaje? Mpaka leo sijui kitu gani kilitokea ndani ya hoteli ile. Najua kilitokea, kwa sababu nilikiona.

Halafu awoowe akaugua. Ulikuwa na miaka kumi. Alilala kile chumba cha nyuma, nawe ulikuwa ukirudi shule unakwenda moja kwa moja kwake na kitabu ulichoazima kwa muuza vitabu wa sokoni. Kilikuwa juu ya mganga wa uongo anayetibu kijiji kizima kwa dawa moja ya kikohozi. Ulisoma kwa sauti, na kila mganga alipotoa habari ya mtu aliyempa uzima, awoowe alikukatiza: "Mwulize, ameiona kwa macho yake au amesikia?" Nawe ukageuza kitabu kukielekea uso wako, ukamwuliza mganga, ukabadilisha sauti, ukajibu. Mlicheka mpaka akakohoa. Mganga akamwandikia dawa.

Siku moja nilikuja hadi mlangoni kuwaambia mpunguze sauti. Nilikuwa naandika habari ya bajeti ya kaunti. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kushika kitasa. Nikasikia awoowe akisema, kwa pumzi kidogo aliyokuwa nayo, "Soma tena pale. Huyu mwandishi anajua." Baba yangu, ambaye hakukubali habari ya mtu yeyote bila kumwuliza mara tatu, alikuwa anasema mtu aliyebuni kila kitu anajua. Nikauachia mlango.

Alifariki mkiwa mmebakiza kurasa chache. Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, ulikwenda kukaa peke yako chumbani mle ukamalizia kitabu kwa sauti. Nilikusikia. Sikusema kitu siku ile. Nasema sasa kwamba nilikusikia, mpaka ukurasa wa mwisho.

Ni baada ya hapo nilipoanza kutafuta vitabu vya kuchekesha. Hukujua, na hooyo alijua akanitunzia siri. Nilianza vibaya. Nilimwendea yule muuza vitabu nikamwuliza kipi kinachekesha, kama mtu anayeuliza bei ya simenti, naye akanipa chenye picha ya mtu anayecheka kwenye jalada. Nilikisoma chote. Mtu wa jaladani alicheka peke yake. Nikarudi nikanunua kingine, kikawa cha mizaha mifupi iliyopangwa kama orodha ya bidhaa, na nilipomaliza nilikuwa na huzuni.

Mwishowe nikafanya kama kazini. Nikanunua chai, nikakaa mkabala na meza yake, nikatazama. Niliona kwamba kuna vitabu ambavyo mwenyewe hakuviweka mezani. Aliviweka chini ya kiti na kuvisoma wakati hakuna wateja, na mteja alipokuja akamfanya asubiri. Nikamwomba kimoja cha chini ya kiti. Akasema hivyo haviuzwi. Nikamwambia niazime basi. Akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia ukweli, kwamba baba yangu alikuwa mchekeshaji nami nimekuja kujua akiwa amekwisha kufa. Akainama akachukua kitabu, akakifuta vumbi kwa kiwiko, akanipa, akakataa rehani.

Ukiwa mgeni mahali, ukitaka kitabu au filamu ya kukufurahisha, mwangalie mtu anayesoma kimya kimya na mabega yanamtikisika. Huyo ndiye wa kumwuliza, baada ya kumaliza ukurasa. Kitabu mimi hukifungua katikati, nikasoma nimesimama. Nikijikuta nageuka kumtafuta mtu wa kumsomea sentensi, nimekipata. Mara ya kwanza ilinitokea sokoni, na aliyekuwa karibu alikuwa mama mmoja anayeuza maziwa ya ngamia. Nilimsomea sentensi yenyewe. Akanitazama, akasema, "Wewe si yule wa habari za vifo?" Halafu akasema nisome tena.

Ya filamu na ya jukwaa, jambo nililojifunza ni kumtazama anayechekwa. Nilipokuwa Bura nilimtazama kila mtu isipokuwa yeye. Kama ningemtazama baba yangu ningeona jinsi alivyokuwa akilea kile kimya kabla hajakamua shuka, na ningejua papo hapo. Utakapowasomea watoto wako Hulugho, mtafute darasani yule ambaye mzaha unamhusu. Kama na yeye anacheka, endelea. Kama anacheka meno peke yake, fungua ukurasa mwingine. Na usiwaeleze kwa nini kitu kinachekesha. Nina hakika watakuuliza. Wajibu kama yule mzee wa Tarbaj.

Sasa, kwa nini baada ya yote hayo nililitupa boksi lako nyuma ya mkaa? Nimejiuliza tangu Alhamisi. Jibu nililolipata halinipendezi. Nilipoona maandishi yale ubavuni niliona uwanja wa Bura, na wewe katikati yake, na mtu kama mimi amesimama pembeni na kinasa sauti. Hulugho ni padogo, na mwalimu mgeni hutazamwa. Niliogopa atakayekuandika bila kukuuliza. Nikasahau kwamba mtu huyo nilikuwa ni mimi.

Asubuhi ya leo nilimpigia simu Mwalimu Dekow. Abti yako hununua dawa za mbuzi kwake, akanipa namba. Alipokea, nikajitaja jina. Akaniambia nisubiri, akamhudumia mteja wa dawa ya minyoo mpaka akamaliza, nasikia kila kitu. Aliporudi akaniuliza nataka dawa ya ng'ombe au ya mbuzi.

Nikasema nataka ule mchezo, kwa ajili ya binti yangu anayekwenda kufundisha Hulugho. Nikasikia akifunga droo ya pesa.

"Na safari hii utaandika nini?"

"Kwamba nilicheka."

"Uliona au ulisikia?"

Nikamwambia nimesikia, juzi. Kanda ya siku ile ninayo bado, maana sijawahi kufuta kanda. Nilikuwa nimeitoa kabatini na kuisikiliza, na katika vicheko vyote vya Bura, kilicho karibu zaidi na kinasa sauti ni changu. Kinaanza kabla ya watu wote, wakati awoowe anavuta shuka, na kwa muda kiko peke yake. Kwa hiyo hata nilichokuambia hapo juu, kwamba sikumtazama baba, hakikuwa sahihi. Nilijua kwamba anaigiza. Nilijua kabla ya uwanja mzima, nikajisahaulisha kwa sababu ya mkono wa mtu begani.

Mwalimu Dekow akanitaka nirudie sehemu hiyo. Nikairudia. Akasema daftari la mchezo liko chini ya kaunta, halijawahi kutoka hapo, na kesho gari likipita Bura atakuwa barabarani nalo. Ana sharti moja. Zile ndevu zisiwe za manyoya ya mbuzi, kwa sababu zinateleza.

Abti amekwisha kupiga hesabu ya mizigo kwa simu na anasema imebaki nafasi moja tu. Nilikuwa nije nawe mpaka Hulugho nikukabidhi kwa mwalimu mkuu, na kiti hicho kilikuwa changu. Ama mimi ama boksi. Nimelifikiria kwa haki. Mimi nina uzito zaidi na sichekeshi. Boksi liko hapa barazani, nimelipangusa mkaa, na asubuhi utalikuta limekaa mbele, kando ya dirisha. Kanda nimeihamishia kwenye flashi yako kwa msaada wa kijana wa duka la simu. Ni faili la mwisho, baada ya filamu. Utamsikia awoowe. Utanisikia na mimi.

Ukifika, nipe habari kwa utaratibu: mvua, malisho, maji, mifugo, watu, amani. Ukimaliza sita hizo, ongeza ya saba ambayo wazee wetu hawakuiweka kwenye orodha kwa sababu walikuwa wanaifanya: watu wa Hulugho wamecheka nini. Nitakuuliza lile swali, kwa hiyo fungua macho yote mawili.

Nasikia geti. Wewe na hooyo mnarudi, na kuna kitu mnachekea njiani. Najua mkiniona mtanyamaza, kama mlivyozoea. Leo sitauliza ni nini. Nitasogeza mkeka nikae.

Aabo